Hivi ni kweli vitamini A inaotesha ngozi upya? Mtoto wa dada ana kovu la moto, naombeni ushauri

Mamdogo_Moro

Habari za jioni wadau, poleni na mihangaiko. Naomba mnisomee mpaka mwisho maana nimechanganyikiwa na kwenye grupu la familia kila mtu ana lake.

Mtoto wa dada yangu ana miaka minne. Mwezi wa tatu mwaka huu alimwagikiwa na uji wa moto, sufuria ilikuwa imeipuliwa imewekwa chini, yeye akaja mbio anamfukuza paka, ndo ikawa hivyo. Aliungua mkono wa kulia kuanzia juu ya kiwiko mpaka karibu na kiganja na shingoni kidogo. Tulimkimbiza hospitali wakamhudumia, amepona namshukuru Mungu, ila kovu ndo hilo limebaki, na pale kwenye kiwiko limekakamaa limevimba kama kamba, akinyoosha mkono haunyooki wote.

Sasa juzi ikaletwa klipu kwenye grupu, inasema wanasayansi wa China wamepata swichi iliyozimwa mwilini, wakaiwasha, panya aliyetobolewa sikio likajaa lenyewe na nyama yake na gegedu lake kana kwamba halijawahi kutobolewa, na eti siri yote ni vitamini A. Basi hapo ndo moto ukawaka. Shemeji keshatafuta vile vidonge vya vitamini A wanavyodondoshewa watoto kliniki, anavyo sita, anataka ampe kimoja kila wiki. Shangazi yetu naye kaleta krimu ya retinoli ya dukani, anasema nayo ni vitamini A, dada ameshaanza kumpaka mtoto kila usiku.

Mimi nimewaambia ngojeni kwanza niulize watu wanaojua. Hiyo habari ni ya kweli au ni zile za kutungwa? Na kama ni kweli, ina maana kwa kovu la mtoto wetu? Sitaki kumkatia dada tamaa kama kuna kitu cha kweli hapo, lakini pia sitaki tumfanyie mtoto majaribio.

Jabali_Laikipia

Pole sana mama mdogo, na pole nyingi kwa mamake mtoto. Hiyo habari ni ya kweli, ila klipu imeruka kitu kimoja na hicho kimoja ndicho kinabadilisha kila kitu kwenu, nitakifikia. Wacha nianze huku kwetu maanake mimi hawa panya nimewashika na mikono yangu.

Niko Kenya, niliwahi kufanya kazi ya kutega panya Laikipia, kule kwenye majabali. Kuna panya wa miiba, nywele zake za mgongo ni ngumu kama za nungunungu mdogo, jina lake la kisayansi ni Acomys. Ukimtoa kwenye mtego lazima uwe mpole sana kwa sababu ukimbana vibaya ngozi inatoka inabaki kwa vidole vyako na yeye anaenda zake. Mara ya kwanza ikinitendekea nilidhani nimemuua. Wazee wa pale walikuwa wanajua hii kitu kitambo, kwamba huyu panya anavua ngozi na bado utamwona tena.

Mwaka 2012 ndio ikaandikwa rasmi, kwenye jarida la Nature, na Ashley Seifert na wenzake, akiwemo Malcolm Maden na Profesa Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi, yule ambaye baadaye alikuja kuwa makamu chansela. Walipima wakakuta ngozi ya huyu panya ni dhaifu kama mara 20 kuliko ya panya wa kawaida wa maabara, na anaweza kupoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongo. Sasa cha ajabu si kupoteza, cha ajabu ni vile inarudi. Haiwi kovu. Inarudi na nywele zake, na tezi zake za mafuta, ngozi kamili. Wakawatoboa masikio tundu la milimita 4 na likajaa, na ndani yake gegedu jipya. Panya wa kawaida ukimtoboa hivyo kingo zinapona tu, tundu linabaki tundu maisha yake yote.

Tangu hapo watu wamemfuata huyu panya hadi kwa figo na uti wa mgongo. 2022 timu ya Porto kule Ureno walionyesha kwamba hata uti wa mgongo ukikatwa wote, panya wa miiba hupata tena sehemu ya uwezo wa kutembea na pale palipokatwa hapajai kovu kama kwa panya mwingine. Kwa nini yeye anaweza na binamu yake hawezi, hilo ndilo swali limewakosesha watu usingizi.

Sasa hiyo ya China. Imetoka mwezi wa sita 2025 kwenye jarida la Science. Walilinganisha wanyama ambao sikio linajaa, kama sungura, na wale ambao halijai, yaani panya wa maabara, wale wadogo na wale wakubwa. Wakakuta mwanzo wote wanafanya sawa, kidonda kinafunga, seli zinakusanyika pale. Tofauti inakuja baadaye. Kwa sungura, kuna jeni inaitwa Aldh1a2 inawashwa pale kidondani kwa nguvu, nayo inatengeneza kimeng'enya kinachogeuza vitamini A kuwa asidi ya retinoiki, na hiyo asidi ndiyo inaziambia seli zijenge sikio badala ya kuziba ziba tu. Kwa panya jeni ipo, tena nzima kabisa, aliitumia akiwa tumboni mwa mamake, lakini swichi za kuiwasha wakati wa jeraha zimekufa huko nyuma kwenye historia ya ukoo wake. Walichukua swichi moja tu ya sungura wakampachikia panya, sikio likajaa! Mimi nilisoma hiyo mara mbili.

Na sasa hapa ndipo klipu yenu imeruka. Walijaribu pia kuwapa panya asidi ya retinoiki yenyewe bila kugusa jeni, ikafanya kazi. Lakini walipowapa retinoli, haikufanya kitu. Retinoli ndiyo vitamini A kabla haijageuzwa. Ni kama kumletea mtu magunia kumi ya mahindi wakati mashine ya kusaga imekufa, ugali hali. Kwa hivyo hata kwa huyo panya wa klipu, krimu ya shangazi isingemsaidia.

Ole_wa_Longido

Nashukuru kwa maelezo marefu na mazuri. Mimi ni mfugaji na nina swali maana nimesikia kwingine kwamba hata mbuzi yumo kwenye hao wanaojaza sikio. Sisi tunakata masikio ya mbuzi alama za ukoo tangu enzi za babu zetu, na alama haifutiki, mbuzi anazeeka nayo. Ingekuwa masikio yanaota basi wezi wangefurahi sana. Hapo ikoje?

Jabali_Laikipia

Swali zuri sana hilo mzee wangu. Ni kweli mbuzi yumo kwenye kundi la wanaojaza. Lakini angalia jeraha lenyewe. Nyinyi mnakata ukingo wa sikio, au mnachana kutoka ncha, kipande kinaanguka. Wao wanatoboa tundu la duara katikati ya sikio, tundu limezungukwa na nyama pande zote, na ukuaji unaanza kwenye mzingo wote kuelekea katikati mpaka wanakutana. Hayo ni majeraha mawili tofauti, huwezi kuchukua jibu la hili ukalipeleka kwa lile. Na tundu la hereni ya plastiki ya sikioni haliwezi kujaa kwa sababu hereni yenyewe imekaa pale. 

Mamdogo_Moro

Asante sana kaka Jabali, Mungu akubariki, umenielewesha kitu ambacho kwenye grupu hakuna aliyekisema. Nimewasomea sehemu ya mahindi na mashine shemeji akanyamaza.

Ila sasa limeibuka lingine. Shemeji anasema basi kama tatizo ni kwamba retinoli haigeuzwi, tutafute hiyo asidi yenyewe, kaambiwa kuna krimu ya chunusi ambayo ndo hiyohiyo asidi ya retinoiki. Hilo likoje? Na nimesahau kusema kitu, sijui kama kina maana, dada ni mjamzito wa miezi mitatu, na yeye ndo anampaka mtoto kwa mkono wake.

Mfamasia_Kange

Dada yangu, hicho ulichosema mwisho kina maana kuliko vyote, kwa hiyo nianze nacho.

Dada aache kushika hiyo krimu leo. Si kwamba ameshaharibu kitu, asiingiwe na hofu, dawa ya kupakwa kwenye ngozi inaingia mwilini kidogo sana na yeye amepaka kwa mikono siku chache. Anawe mikono, krimu iwekwe mbali, na siku ya kliniki amwambie mkunga kwamba alishika krimu ya retinoli, aitaje jina. Lakini jamii yote hii ya dawa, za kumeza na za kupaka, mjamzito tunamwambia aziepuke. Ile ya kumeza ya chunusi kali, isotretinoini, ilianza kutumika Marekani mwaka 1982 na haikuchukua muda wakaanza kuzaliwa watoto wenye kasoro za masikio, uso, moyo na ubongo kwa akina mama walioimeza wakiwa na mimba changa. Ndiyo maana mpaka leo mwanamke hapewi bila kupimwa ujauzito.

Krimu ya chunusi anayoisema shemeji ipo, inaitwa tretinoini, na ni kweli ni asidi ya retinoiki yenyewe. Hapo shemeji hajakosea. Lakini ile ya panya ilitolewa kwenye jeraha bichi la sikio, wakati seli zinaamua zifuate njia ipi. Kovu la mtoto lina miezi mingi, pale uamuzi ulishapita. Na tretinoini kwenye ngozi ya mtoto wa miaka minne inachubua, inawasha, jua linamchoma zaidi, na ngozi yetu nyeusi ikichubuliwa hivyo inaacha madoa. Msiinunue.

Vidonge. Cha buluu ni yuniti 100,000, cha watoto wa miezi 6 mpaka 11. Chekundu ni yuniti 200,000, cha miezi 12 mpaka 59. Kimoja kila miezi sita, ndo ile ya mwezi wa sita na wa kumi na mbili huku Tanzania. Kimoja kinatosha nusu mwaka kwa sababu vitamini A inawekwa akiba kwenye ini, haitoki na mkojo kama vitamini C. Sasa shemeji akimpa kimoja kila wiki, kwa wiki sita amempa mtoto dozi ya miaka mitatu. Kichwa kitauma, atatapika, ngozi itaanza kubanduka, ini litaumia. Naomba sana, hivyo vidonge sita virudishwe kituo cha afya. Angalieni kadi ya mtoto, kama mwezi wa sita alipata basi anasubiri zamu yake kama wenzake. Na dada naye asivimeze, mjamzito haruhusiwi kupita yuniti 10,000 kwa siku, chekundu kimoja ni mara ishirini ya hapo.

Nimeandika kwa ukali kidogo, nisamehe, ni kwa kuwa naona kabisa watu wanaompenda mtoto.

Mwl_wa_Sita

Naomba niongezee kwenye alichosema mfamasia, maana nafundisha baiolojia kidato cha tano na sita na wanafunzi huwa wananiuliza inawezekanaje kitu kimoja kiwe dawa ya kuotesha sikio na hapohapo kiwe hatari kwa mimba. Mimi naona ni jambo lilelile.

Asidi ya retinoiki si mbolea. Watu wanaifikiria kama mbolea, kwamba ukiongeza kinakua zaidi. Kazi yake ni kama ya anwani. Mwilini mwa kiumbe kinachojengwa, seli haijui iko wapi mpaka iambiwe, na njia mojawapo ya kuambiwa ni kiasi cha hii asidi pale ilipo.

Mfano mzuri ni aksolotli, yule mjusi wa majini wa Mexico mwenye matawi ya mashavu nje ya shingo. Ukimkata mkono kwenye kiwiko anaotesha kuanzia kiwiko kwenda chini, ukimkata kwenye kifundo anaotesha kiganja tu, hakosei, haoteshi zaidi wala pungufu. Anajuaje? Mwaka 1982 Malcolm Maden, huyohuyo aliyetajwa na Jabali kwenye panya wa Kenya miaka 30 baadaye, alionyesha kwamba ukimpa vitamini A anachanganyikiwa, umemkata kifundoni yeye anaanza kujenga mkono mzima kutoka juu. Na sasa 2025 timu ya James Monaghan ya chuo cha Northeastern, Boston, wameonyesha kwamba karibu na kiganja kuna kimeng'enya kingi kinachoitwa CYP26B1 kinachoila ile asidi, kwa hiyo kule ni kidogo, na karibu na bega kimeng'enya ni kichache kwa hiyo asidi ni nyingi. Asidi nyingi maana yake uko begani, kidogo maana yake uko kiganjani. Wakakizuia kwa dawa kile kimeng'enya kinachoila asidi, na aksolotli aliyekatwa kifundoni akaota mkono juu ya mkono.

Sasa mfikirie mtoto tumboni kwenye miezi mitatu ya kwanza. Masikio, uso, moyo, vyote vinapewa anwani. Ukimwaga asidi mahali pasipo pake umebadilisha anwani za nyumba ambazo mafundi wako kazini wanajenga. Haihitaji kuwa sumu ili iharibu. Nikieleza hivi darasani kunakuwa kimya kabisa.

Na kuna jambo jingine kwenye hii habari ambalo mimi binafsi limenigusa. Tarehe 7 Oktoba 2025 alifariki John Gurdon wa Cambridge akiwa na miaka 92. Huyu ndiye aliyechukua kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi wa chura wa Kiafrika, yule mwenye makucha miguuni, akakipandikiza kwenye yai lililoondolewa kiini chake, na likakua likawa kiluwiluwi kamili. Matokeo hayo ya 1962 yalisema kitu kikubwa sana, kwamba seli ikishakuwa ya utumbo haijatupa maagizo ya kujenga jicho au mguu, imeyafunga tu kabatini. Watu wengi hawakumwamini. Alipewa Nobel 2012 pamoja na Shinya Yamanaka wa Japani aliyepata njia ya kulifungua hilo kabati kwa jeni nne, na angalieni, ni mwaka uleule wa panya wa Laikipia. Sasa mkisoma hii ya sungura na panya mnaona ni wimbo uleule, jeni haijapotea, ipo, imekosa wa kuiwasha. Nasikitika kwamba wanafunzi wangu wengi wanamaliza kidato cha sita bila kusikia jina lake wala kujua kwamba yule chura ni wa bara letu.

Bi_Mkubwa_Wete

Asalaam aleikum wanangu. Mimi si msomi wa haya ila nimeyasoma yote taratibu. Nataka kusema nililoliona. Mjukuu wangu alipokuwa na miaka mitatu alibanwa kidole na mlango wa bati, ncha ikakatika pale juu, nyama yote ya mbele. Tulilia nyumba nzima. Muuguzi akamsafisha akamfunga tu bandeji, akasema msiguse, mleteni tubadilishe. Baada ya kama miezi miwili na kitu kidole kikajaa, na ukucha ukaota, leo yuko skuli ya msingi na ukimwangalia mkono hujui ni kidole gani. Nilijua ni rehema ya Mwenyezi Mungu na bado najua hivyo, ila kumbe na nyinyi mna jina lake?

Mwl_wa_Sita

Shikamoo bibi. Alhamdulillah kwa mjukuu. Ndiyo bibi, hilo linajulikana, mwaka 1974 daktari wa watoto Cynthia Illingworth wa Sheffield, Uingereza, aliandika kuhusu watoto wa namna hiyohiyo, vidole vilivyobanwa na milango, na akasema kinachofaa zaidi ni kama alichofanya muuguzi wenu, kusafisha na kufunga na kuacha. Sharti ni kidole kikatike juu ya shina la ukucha, shina libaki. Kwenye shina la ukucha kuna seli zinazoendesha ujenzi wote. Kikikatika chini ya hapo kinabaki kigutu.

Na kuna kingine bibi, mtoto akiwa tumboni bado mchanga, ngozi yake ikijeruhiwa hupona bila kovu. Uwezo huo huondoka mimba ikifika kama wiki ya 24. Kwa hiyo binadamu naye alikuwa nao, sote humu tuliwahi kuwa nao.

Jabali_Laikipia

Hiyo ya wiki ya 24 ndiyo hunifanya niendelee kusoma hizi karatasi hata kama sifanyi tena hiyo kazi. Mama mdogo, usichukue kwamba tunasema hakuna matumaini. Kuna watu wengi wamekaa juu ya hili jambo na wengine ni vijana wa Nairobi wa hapa hapa. Lakini kutoka sikio la panya hadi kiwiko cha mtoto ni mwendo, na mtoto wenu anahitaji kiwiko sasa.

Mfamasia_Kange

Na hapo kwenye kiwiko ndipo nilitaka kurudi maana tumeongea sana jeni. Kovu linalovuta kiungo kisinyooke ni jambo la kushughulikiwa mapema, mtoto anakua, mfupa unarefuka na kovu halirefuki naye. Mrudisheni hospitali kubwa, ombeni muonwe na daktari wa upasuaji na watu wa fizio, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Kuna mazoezi ya kunyoosha kila siku, kuna banzi la kulala nalo usiku mkono ukiwa umenyooka, kuna bandeji za kubana na plasta za silikoni za kulainisha kovu. Kovu la moto linaendelea kubadilika mwaka mpaka miwili, kwa hiyo bado mna muda, hamjachelewa. Ikishindikana kuna upasuaji wa kuliachia. Nyumbani, mafuta ya mgando ya kawaida yasiyo na manukato, msugueni kovu polepole kwa kidole gumba dakika chache mara mbili tatu kwa siku, na mfunikeni na jua.

Na kwa wengine wote mnaosoma, mtoto akiungua, maji ya bomba ya kawaida yanayotiririka, dakika 20, halafu hospitali. Si dawa ya meno, si yai, si mafuta.

Mamdogo_Moro

Wadau nimerudi, samahani nilichelewa kujibu. Vidonge shemeji kavirudisha mwenyewe zahanati, nesi akamuuliza alivipataje akashindwa kusema. Krimu nimeichukua mimi. Dada kaenda kliniki jana akaeleza, wamempima, mapigo ya mtoto yanasikika vizuri, wamemwambia asishike tena na wameandika kwenye kadi. Alilia kidogo njiani kurudi, akasema yeye alikuwa anataka tu mwanaye avae mikono mifupi kama wenzake.

Na tumepata miadi ya fizio Jumanne. Tumeanza kumsugua na mafuta ya mgando, mwanzoni alikuwa anakataa, nikamwambia kuna panya anakaa kwenye mawe Kenya, akishikwa anaacha ngozi anakimbia halafu anaota nyingine na miiba yake. Sasa kila tukikaa kumsugua anataka nianze na huyo panya. Jana kaniuliza hivi anaumia akiiacha? Kaka Jabali nimejibuje hapo, maana wewe ndo umemshika.

Jabali_Laikipia

Mwambie nadhani anaumia, maanake alikuwa analia kidogo nikimshika. Lakini mwambie pia kesho yake tulikuwa tunampata tena kwa mtego uleule, amerudi kula siagi ya karanga.

Tuambie Jumanne imeendaje.